Shukrani kwa Mume Wangu Mpenzi

“Hebu soma shukrani zako. Kwa sauti,” mkuu wa idara alisema.

Waziri alifunua kurasa za mwanzo. Wanafunzi wenzake wa famasia walimpachika jina hilo kwa kupenda suti. Nyuma yake aliketi mchumba wake, Nukta, wa darasa hilohilo, aliyekuja kumshangilia akitetea utafiti wake wa mwisho.

“‘Namshukuru... mume wangu mpenzi... kwa kunivumilia nilipokuwa mjamzito.’”

Ukumbi ukaangua kicheko.

“Ulijifungua salama?” mkuu aliuliza.

Nukta hakucheka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe kazi ilikuwa ya kununua, na mnunuzi hakujisumbua hata kuisoma! Waziri alisimamishwa masomo mwaka mzima, kisha arudi aanze utafiti upya.

Alimkimbilia Nukta kwenye ngazi.

“Mpenzi, nilibanwa!”

“Mimi sikubanwa? Mbona hukuniambia?”

“Ungekataa.”

“Kwa hiyo ulijua ni vibaya. Mgonjwa akikuuliza dawa anywe vipi, utampigia simu aliyekuuzia utafiti? Uchumba umekwisha.”

Jioni simu iliita. Mama yake Waziri.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mkwe wangu. Kichwa unacho. Akirudi chuoni, mwandikie huo utafiti yaishe.”

“Mama, nakuheshimu sana. Ila nikimwandikia huo, nitambeba mgongoni maisha yangu yote.”

“Basi humpendi!”

“Nampenda, mama. Ndiyo maana sitaki.”

Simu ikakatwa. Nukta alilia mpaka macho yakavimba.

Akahitimu, akapata kazi hospitalini, dirisha la dawa. Mwaka ulipopita, ujumbe ukaingia:

“Sikuombi kitu. Nimerudi chuo. Nahoji wagonjwa wa kisukari kwa nini wanaacha dawa. Mmoja kanifukuza na ufagio.”

Alicheka peke yake, hakujibu. Baada ya wiki kadhaa, mwingine:

“Hesabu zangu zote nimekosea. Naanza upya.”

Hapo vidole vikamshinda. “Anza,” aliandika.

Siku ya utetezi wa Waziri, Nukta aliomba ruhusa kazini. Mama mtu alikuwa kiti cha mbele, kajifunga khanga kama anayekwenda vitani.

“Kwa nini wanaacha dawa?” mkuu aliuliza.

“Wakipata nafuu wanadhani wamepona. Bibi mmoja aliniuliza, ‘Siumwi, nameza za nini?’ Hakuna aliyewahi kumweleza.”

“Na wanaoishi peke yao?”

Waziri alifunga karatasi zake. Nukta alikaza ngumi.

“Hao sikuwahoji, mkuu. Sijui.”

Mkuu alivua miwani, akatabasamu. “Jibu hilo huwezi kulinunua. Umefaulu. Tena vizuri!”

Mama alipiga vigelegele mpaka mlinzi akachungulia. Kisha akamgeukia Nukta, sauti imemshuka.

“Mwanangu, nilikukosea. Nilitaka umharibu, nikaita mapenzi.”

“Yamekwisha, mama.”

Waziri alisogea, jasho likimtiririka.

“Nukta, kazi bado sina. Nina ufaulu huu tu, na wewe ukikubali. Utakubali nikuoe?”

“Zaidi ya mwaka nasubiri uulize swali la maana!”

Walishuka ngazi mama akiwa katikati, kawashika mikono wote wawili, akimsimamisha kila anayepanda.

“Mnamwona huyu? Mkwe wangu! Na huyu mwanangu. Kafaulu mwenyewe, jamani! Mwenyewe!”