Mkaa Kwenye Karatasi

SAA NNE ASUBUHI

Mpole alitandaza kipeperushi cha maonyesho juu ya meza, akakibana kwa koleo kisirushwe na feni. Maonyesho ya Kiangazi: Kazi za Karatasi. Wasanii tisa, kila mmoja na ukuta wake. Wengine penseli, wengine rangi za maji, na mmoja alikuwa amekatakata magazeti akayabandika upya, akaita sanaa. Mpole hakuwa na habari nao. Kidole chake kilitua kwenye picha moja tu: mwanamke mzee anaosha miguu, kachorwa kwa mkaa, karatasi kubwa kama dirisha. Mchoraji alikufa mwaka jana. Tangu afe, watu waliokuwa wanavuka barabara wakimwona walianza kusema walikuwa marafiki zake.

"Mteja anaipokea saa kumi," Mpole akasema. "Nataka iwe juu ya meza yangu kabla hajafika."

Waliompa jina hilo hawakuwa wanamsifu. Hakupaza sauti hata siku alipomng'oa mtu jicho.

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha karakana. Mpole. Dereva, aliyetafuna njiti ya kiberiti na kujifanya hasikii mambo ya watu. Wembe, kijana wa kukata: mikoba, maturubai, hata nyuso. Na Fundi, mwenye karakana, kaka yake Wembe. Huyu maishani hakuwahi kuiba hata msumari. Ndiye aliyetengeneza fremu za maonyesho yote.

"Haya, Fundi," Mpole akasema. "Tueleze."

"Mchana jua linapiga madirisha ya mbele. Karatasi haitaki jua, inageuka manjano. Kwa hiyo wafanyakazi wa maonyesho wakienda kula wanafunga na kushusha mapazia yote. Ndani kunakuwa giza, mtu wa barabarani haoni kitu. Anabaki mlinzi mmoja."

"Mlango wa nyuma?"

"Mimi ananifungulia. Amenizoea."

"Na picha?"

"Inatoka na fremu yake, na kioo chake. Ibebwe wima, watu wawili, taratibu." Fundi alimgeukia mdogo wake. "Mchoraji hakuipuliza dawa ya kushika mkaa. Alichukia inavyong'arisha. Ule mkaa umekaa juu ya karatasi kama vumbi juu ya kabati. Kikiigusa kitu, basi tena."

Wembe akacheka. "Kaka naye! Zile mbili za hotelini nilizikata, nikazikunja kama mkeka, na mteja akanishika mkono."

"Zile zilikuwa rangi ya mafuta kwenye turubai."

"Picha ni picha."

"Inatoka na fremu," Mpole akasema. "Fundi ameshasema."

Wengine walipotoka, Fundi alibaki na Mpole. "Na ahadi yetu?"

"Kazi hii moja, na mdogo wako ni wako. Simpigii simu. Tukikutana njiani simjui."

Hicho ndicho kilichomwingiza Fundi kwenye uchafu huu, hakuna kingine. Wa mwisho kuacha kazi ya Mpole bila ruhusa aliokotwa mtaroni. Ruhusa ilikuwa lazima. Mama yao alikuwa ameambiwa kwamba leo jioni kitinda mimba wake anarudi nyumbani, na tangu alfajiri alikuwa akifagia chumba ambacho hakikuwa na takataka.

SAA SABA MCHANA

Jua lilikuwa linachoma lami. Dereva alirudisha gari la mizigo nyumanyuma mpaka mlango wa nyuma wa ukumbi wa maonyesho. Fundi akagonga. Mpole na Wembe walijibana ukutani, mmoja kila upande.

Mlinzi alikuwa mzee mwenye maneno mengi. "Fundi! Leo umechelewa, nikadhani umeoa wa pili. Ingia, kuna maji ya..."

Mpole alimpiga na nondo nyuma ya sikio. Mzee akaenda chini na kikombe chake. Mpole akampiga tena akiwa sakafuni, bila hasira, kama mtu anayemalizia kazi.

"Mlisema mnamfunga tu!" Fundi alisema.

"Tutamfunga. Sasa hatasumbua." Mpole akamruka mzee. "Kaa hapo mlangoni. Wembe, twende."

Fundi akakaa mlangoni. Damu ya mzee ilikuja taratibu ikifuata mteremko wa sakafu, naye akasogeza kiatu. Alijichukia kwa kusogeza kiatu. Ndani aliwasikia wakihesabu: moja, mbili, inua. Skrubu alikwisha kuzilegeza wiki moja kabla. Fremu ikatoka ukutani bila kelele. Walikuwa wanaibeba vizuri, wima, kama alivyowaambia.

Ndipo mlango wa mbele ukagongwa.

"Mlinzi!" Sauti ya meneja. "Nifungulie, nimesahau miwani!"

Wote wakaganda. Akagonga tena, kwa funguo za gari sasa, kwenye kioo. "Mlinzi! Umelala?" Kisha kimya, kisha sauti ileile ikiongea na mtu kwenye simu.

"Nzito hii," Mpole alisema. Hakunong'ona. Fundi alimsikia vizuri mlangoni, na Dereva alimsikia kwenye usukani. "Vunja. Kata. Kunja, tuondoke."

"Msikunje!" Fundi akapiga kelele. "Jamani, msiikunje!"

Kioo kikalia. Wembe alitoka mbio akitabasamu, karatasi ameikunja mrija na kuisokomeza ndani ya fulana, imeshikana na kifua chake kilicholowa jasho. "Kaka, tazama," akasema, akijipigapiga tumbo. "Sekunde tu."

SAA KUMI JIONI

Ua wa Mpole ulikuwa na ukuta mrefu na geti la chuma. Mteja alikuja na watu wawili wasiosalimia. Alivaa glavu nyeupe, akaifungua karatasi mezani, polepole, kona kwa kona.

Mwanamke hakuwepo. Palibaki wingu la kijivu, beseni nusu, na alama za vidole vya Wembe. Mengine yote yalikuwa kwenye fulana yake, nyeusi tii kuanzia shingoni mpaka kitovuni.

Mteja alivua glavu. "Nani alisema ikunjwe?"

Kwa mara ya kwanza Fundi aliona jasho kwenye mdomo wa juu wa Mpole. Wale wawili wasiosalimia walikuwa wamesogea wakasimama nyuma yake.

"Mwambie mgeni, kijana," Mpole akasema. "Nani alisema?"

Wembe alimtazama Mpole. Akamtazama Dereva, na Dereva akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo. Mwisho akamtazama kaka yake, na Fundi akajua kabla hajasikia.

"Kaka," Wembe akasema. "Yeye ndiye fundi. Alisema karatasi inakunjwa tu."

Fundi alifungua mdomo. Akisema kweli, anamtaja Mpole na kumfanya Wembe mwongo, na ametoa uhai wa mdogo wake mbele ya watu ambao hawakuja na huruma. Akinyamaza, labda ananunua ile jioni aliyomwahidi mama.

"Ni mimi," akasema.

Mteja aliangalia saa yake. "Mkono wake wa kazi, basi. Nina safari."

Mpole alimshika Fundi mkono wa kulia, akamfungua vidole kimoja kimoja, akavipanga kwenye bawaba za mlango wa gari. Kisha akamwita Wembe. "Sukuma."

Fundi alitegemea atakataa. Angalau kwanza. Angalau aseme jina la mama yao. Wembe alisukuma mara moja, kwa bega, kama anavyofunga mlango mtu mwenye haraka. Mlango haukufungika. Akaurudia.

Mteja aliondoka na watu wake. Fundi alikuwa chini, ametapika, mkono ameubana kwapani. Vidole vitatu havikuwa vya kuitwa vidole.

"Ahadi," akasema.

"Ahadi ni ahadi." Mpole alikuwa ameshakauka jasho. "Kijana, uko huru. Geti hilo. Mpeleke kaka yako hospitali, usirudi."

Geti lilikuwa wazi. Wembe alilitazama kidogo tu.

"Huru nikafanye nini, Bosi? Nikaunge fremu?"

Dereva akacheka. Mpole hakucheka, ila alimpiga Wembe kofi la begani, dogo, la mtu na mtu wake. Wembe alivua fulana, akafuta damu kwenye mlango wa gari mpaka rangi ikaonekana, akaitupa. Akapanda kiti cha mbele.

"Mdogo wangu," Fundi akasema. "Twende nyumbani. Anatusubiri. Nakuomba."

Wembe alishusha kioo.

"Mwambie mama nimesafiri," akasema, na Dereva akawasha gari.