Magauni Themanini na Nne

"Mavazi ya wachezaji: magauni themanini na nne."

Nilisoma mara ya kwanza. Nikarudia. Nikaweka kidole juu ya mstari nikasoma tena polepole, maana nilidhani labda macho yangu yananichezea...

Jamani, yale magauni niliyashona mimi. Kwa mikono hii hii ninayowaandikia. Nilishona kumi na manne!

Na kwenye risiti iliyobandikwa chini ya ukurasa, pale fundi anapokiri kwamba amelipwa yote themanini na nne, kulikuwa na sahihi. Ilikuwa yangu.

Kaka yangu alikuwa ameketi upande wa pili wa meza anatafuna karanga. Akalamba kidole, akafunua ukurasa mwingine kunionyesha, akalamba tena. Daftari zima la gharama lilikuwa na alama za mate na chumvi pembeni.

"Unaona mwenyewe," akasema. "Gharama hazijarudi. Zikirudi tu, wa kwanza kulipwa ni wewe."

Acha niwarudishe nyuma kidogo ili tuende pamoja.

Mimi ni fundi cherehani. Kaka yangu, kifungua mimba wa Mama, ni mtu wa muziki. Mtaani wanamwita Staa, na jina hilo alijipa mwenyewe. Mwaka jana akaja na wazo la filamu ya nyimbo. Hadithi kidogo, nyimbo nane, kucheza mwanzo mwisho. Mwandishi yeye, mwongozaji yeye, mwimbaji yeye. Kwenye bango sura yake ni kubwa kuliko jina la filamu.

Pesa zikamwishia wimbo wa nane haujapigwa picha. Akaja kwangu, amemleta na Mama.

Mimi nina cherehani nne. Alinipa Mama macho yake yaliposhindwa kazi, na hizo ndizo kodi yangu ya nyumba na ada ya wanangu wawili. Kaka akaomba niziweke rehani kwa mkopeshaji, miezi mitatu tu. Filamu ikianza kuingiza, mapato ya mwanzo yanalipa mkopo, na gharama zikisharudi mimi nachukua asilimia kumi. Mama akanishika mkono, akanikumbusha kwamba kaka ninaye huyo huyo mmoja.

Nikakubali. Cherehani zikatolewa mlangoni nikiangalia, zimefungwa kamba, kila moja imebandikwa karatasi yenye namba. Tangu siku hiyo nikawa nashona kwa mkono na kuazima ya jirani akienda kulala mchana.

Sasa turudi kwenye magauni.

Wachezaji walikuwa wasichana kumi na wanne, na nyimbo za kundi zima zilikuwa sita. Kitambaa alichonipa Kaka kilikuwa cha kuchekesha, hakitoshi hata robo. Nikaumiza kichwa wiki nzima. Nikashona magauni ya pande mbili, kijani nje, manjano ndani. Mikono nikaitia vifungo ili ivuliwe. Sketi ya juu nayo inabanduka, unaitupia begani inakuwa mtandio. Magauni kumi na manne yakacheza nyimbo sita, na ukiangalia kwenye picha utaapa ni mapya kila wimbo. Sijawahi kushona kitu nikajivunia kama vile.

Wiki ya tatu ya filamu kuonyeshwa ukumbini nilikwenda kuangalia. Magauni yalipotokea kwenye wimbo wa tano, ukumbi mzima ukapiga makofi. Nililia kwa furaha pale gizani, sina haja ya kuwaficha.

Ila hayakufuliwa hata mara moja! Wale wasichana walicheza juani siku kumi na moja, wanageuza upande huu, wanageuza upande ule, jasho juu ya jasho. Kazi ilipokwisha nikarudishiwa kwenye magunia. Chumba changu kilinuka mpaka majirani wakaanza kutafuta panya aliyekufa. Na kwenye daftari la Kaka, "kufua na kupiga pasi" kumeandikwa pesa za kununulia cherehani mbili mpya.

Mtaniuliza, sahihi je? Niliiweka mwenyewe. Alikuja na kitabu cha risiti siku nina haraka, mdomo umejaa pini, akaniambia saini hapa, hapa na hapa, mengine nitajaza. Nikasaini risiti tupu. Ni kaka yangu, ningemwogopea nini?

Siku ile ya daftari ilikuwa Alhamisi. Jumatatu mkopeshaji anauza cherehani zangu.

Hesabu niliyoipiga kichwani ilikuwa nyepesi. Filamu iko wiki ya sita, kila Jumamosi mchana ukumbi umejaa, nje wamebandika karatasi kwamba nafasi zimekwisha. Kwa hiyo pesa zinaingia, na Kaka anavimbisha gharama ili asilimia yangu isifike kamwe. Mwizi! Anamwibia dada yake wa tumbo moja.

Nilitabasamu nikaaga.

Jumamosi nikatoa kwenye gunia gauni namba saba. Lile lina doa la mafuta ya jenereta kiunoni, nililifunika kwa ua la kitambaa pande zote mbili, na ua hilo linaonekana kwenye nyimbo zote sita. Nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga fundo kwa sababu ya harufu. Kaka alikuwa ametamba kwamba siku hiyo anakuja mnunuzi kutoka kituo cha televisheni. Nikapanga nilitandaze mbele ya huyo mgeni, watu wote wahesabu nyimbo ambazo gauni hilo moja limecheza.

Pale dirishani muuza tiketi ananifahamu, sare zake nashona mimi. Nikamuuliza leo wameuza ngapi. Akasema zote, mia tatu na kumi. Nikaanza kumwaga hasira zangu, kwamba ukumbi unajaa hivi halafu mtu anadai gharama hazijarudi.

Yule dada akaniangalia kwa huruma.

"Kwani wewe hujui?" akasema.

Akanivuta karibu na tundu la kioo, akanieleza. Wiki ya kwanza walikuja watu arobaini na kitu, wengi ndugu na jamaa. Kaka akaona aibu. Tangu wiki ya pili, tiketi karibu zote zinanunuliwa Ijumaa na mtu mmoja, bunda zima, na mtu huyo ni Kaka mwenyewe. Ukumbi unakata nusu ya kila tiketi, nusu unamrudishia mwenye filamu. Yaani anatoa kumi, ukumbi unameza tano, zile tano zinazorudi anaziita mapato. Ijumaa nyingine anatafuta tano za kujazia.

Nikamuuliza, na wale wanaokaa ndani?

"Nao analipa wakae. Leo waliolipa wenyewe hapa dirishani ni watatu, na mmoja amekimbia jua."

Wasomaji wangu, nilitamani awe mwizi. Mwizi ana mahali alipoficha, unaweza kumbana akatoa. Hapa hakukuwa na kitu. Magauni sabini ambayo hayakushonwa yalikuwa viti, yaani pesa alizonunulia tiketi akaziandika nguo! Na pesa za viti zilitoka kwenye mkopo wa cherehani zangu. Yale makofi yaliyoniliza wiki ya tatu... niliyalipia mimi.

Nikaenda chooni kunawa uso.

Kwenye ujia wa choo cha wanawake nikakuta foleni. Wanawake kama thelathini, wenzao wameshaingia ndani, na msichana mwenye mkoba anagawa bahasha, huku anawapa maelekezo kwa sauti ya chini. Wimbo wa pili wapige makofi. Wimbo wa tano, safu tatu za mbele walie, na safari hii wasianze kulia kabla mama wa kwenye filamu hajafa.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa amevaa gauni la bluu. Kola ile naifahamu, nimeigeuza mara mbili mwenyewe. Alikuwa analamba kidole anahesabu noti.

"Mama," nikaita.

Hakushtuka sana. Alikunja noti akazisukumia kifuani kwanza, ndipo akageuka.

"Usipaze sauti, mwanangu. Watu wanasikia."

Kila Jumapili kwa wiki nne Mama alikuwa ananiletea kifurushi. Sukari, mchele, miche miwili ya sabuni. Alisema kuna mtu wa zamani anamrudishia deni lake kidogo kidogo. Nami nilimshukuru, nikapika, nikala na wanangu. Nikasimama pale kwenye ujia nikaelewa kwamba nilikuwa nakula cherehani zangu mwenyewe, kijiko kwa kijiko.

Nikamuuliza ilianza lini. Akajibu bila kupepesa macho kwamba hao wanawake aliwatafuta yeye, wengi ni wa kikundi chake cha kuweka akiba.

"Ulitaka nimwone mwanangu anaimbia viti vitupu?" akasema.

"Na mimi ni mtoto wa nani, Mama?"

Akainama akaziweka sawa noti zake kifuani. Alipoinua uso hakuwa na hasira wala aibu.

"Wewe una mikono," akasema. "Yeye ana hicho tu."

Sijawahi kumwonea Mama kinyaa maishani mwangu. Siku ile nilimwonea, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kaka akatokea, manukato yametangulia mbele. Akaona uso wangu, akaona mfuko, akajua. Hakuomba msamaha. Alinivuta pembeni akaniambia mnunuzi yumo ndani tayari, ananunua kwa kuangalia mapato na jinsi ukumbi unavyojaa. Akisaini leo, Jumatatu asubuhi cherehani zangu zote nne zinarudi mlangoni. Nikifungua mdomo, mkopeshaji anazipiga mnada na wote tunabaki mikono mitupu.

"Kaa naye karibu," akasema. "Piga makofi tu. Hilo gumu?"

Nilitaka kumtemea mate. Nikawaza ada. Nikawaza kodi.

Nikaingia nikakaa karibu na yule mnunuzi, mama wa makamo mwenye miwani na kijitabu mapajani. Mfuko wenye gauni namba saba nikaupakata. Wimbo wa pili ukaja, makofi. Nikapiga. Wimbo wa tano mama wa kwenye filamu akafa, safu tatu za mbele zikaangua kilio, na sauti ya Mama yangu niliitambua juu ya zote. Viganja vyangu vilikuwa na jasho, vinanata, na bado nikapiga.

Taa zilipowaka yule mama akanigeukia.

"Niambie ukweli," akasema. "Watu wanaipenda kweli filamu hii, au nadanganywa?"

Swali lenyewe hilo, ndugu zangu. Limeletwa mpaka kwenye kiti changu, na jibu liko kwenye mfuko.

"Mimi hii ni mara yangu ya sita," nikasema. "Kila Jumamosi naja."

Akaandika kitu kwenye kijitabu. Kisha akavua miwani, akaifuta, akasema kama mtu anayejisemea kwamba kwa ladha yake nyimbo ni za kawaida na mwimbaji anajipenda mno, ila biashara ni biashara.

"Kilichonishika ni magauni," akasema. "Nina mchezo wa kuigiza unaanza mwezi ujao, wa mwaka mzima, pesa zake ndogo. Natafuta fundi mwenye akili, wa nguo chache zikaonekana nyingi. Nilidhani nimempata hapa. Lakini nimeona daftari la gharama, themanini na nne! Fundi wa bei hiyo simwezi."

Akafunga kijitabu.

Nilifungua mdomo... Nilitaka kufungua lile fundo, nimwonyeshe kijani, nimgeuzie manjano, nivue mikono mbele yake. Lakini mimi nilikuwa mtazamaji wa mara ya sita. Mtazamaji anatoa wapi gauni? Na sahihi chini ya themanini na nne ilikuwa yangu. Nikakaza mikono juu ya mfuko. Yule mama akanyanyuka, akanusa kidogo, akaniuliza kwa upole kama kuna kitu kimeniozea humo. Nikasema ndiyo.

Akasaini. Jumatatu cherehani zikarudi, zote nne, karatasi za namba bado zimebandikwa. Kaka anatafuta pesa za filamu ya pili, na kwenye mahojiano anatamba kwamba ya kwanza ilijaza ukumbi wiki sita mfululizo. Jina la fundi halimo kwenye filamu. Nimeangalia mpaka herufi ya mwisho.

Wenye kunisoma hapa, msisaini karatasi tupu hata kama aliyeileta mmenyonya ziwa moja. Na ukijikuta umekaa na mtu anayekuomba ukweli, mpe siku hiyo hiyo, kabla hujajua una thamani gani kwake. Mimi niliuza wangu kwa cherehani ambazo tayari zilikuwa zangu.

Gauni namba saba bado liko kwenye mfuko, chini ya meza. Linanuka vilevile. Nataka kulifua, lakini sabuni iliyopo ndani ni ile ya Mama tu.