Gauni la Mteja wa Mchana

Jana yake jioni gauni lilimkaa sawasawa. Asubuhi Luciana alipolivaa tena ili apinde upindo wa chini, liliteleza mabegani likashuka hadi kiunoni, kama nguo ya kuazima. Alilivua, akaligeuza ndani nje, akakagua mishono yote. Hakuna uzi uliokatika.

"Faith, umeligusa hili gauni?"

"Niliguse la nini? Zangu tu zinanishinda," Faith alijibu huku anapuliza mkaa wa pasi.

Wote wawili walikuwa mwaka wa pili, wanasomea ubunifu wa mavazi mjini Singida, na walipanga chumba kimoja huko Mwankoko. Faith alikuwa binti wa watu, mpole, mwenye kicheko cha karibu. Luciana yeye alikuwa na ugonjwa ambao hauna kidonge: hakujua kukataa kazi. Kwaya ya kwao Ilongero ilitaka sare mpya, akasema leteni. Binamu yake Janeth alitaka nguo ya sherehe ya kuagwa, akasema lete. Chuo kikatafuta wa kusimamia maonesho ya mwisho wa mwaka, akanyoosha mkono, hali mavazi yake mwenyewe ya mtihani yalikuwa bado vitambaa ndani ya mfuko. Mtu alikuwa anamwambia tu, "Luciana, najua una kazi nyingi," basi amekwisha kumpata.

Na mwenye gauni hili alianza hivyohivyo.

Alikuja mchana, jua limesimama utosini, Faith ametoka kwenda kula. Upepo wa Singida hauna likizo, lakini saa ile ulikuwa umekatika, hata kuku wa mwenye nyumba walinyamaza. Mlangoni alisimama mama mmoja mwembamba mno, kitenge kinamning'inia. Barabara ya Mwankoko ni vumbi tupu, ila viatu vyake vyeusi vilikuwa vinang'aa. Alinukia udi, na chini ya udi kulikuwa na harufu ya kitambaa kilichoungua.

"Binti yangu, najua una kazi nyingi," alisema, akimkabidhi kitambaa cha rangi ya damu ya mzee.

Luciana alichukua futi ampime. Mama yule akarudi nyuma.

"Usinipime mimi. Jipime wewe. Likikukaa wewe, mimi sina neno."

Kila mshonaji ana wateja wa ajabu. Luciana akacheka, akakubali.

Sasa gauni lilikuwa limepwaya, na mchana ulipofika mteja akarudi. Alilitazama, akatikisa kichwa. "Punguza ubavuni." Luciana akapunguza, akakata kilichozidi. "Na vipande vyangu nipe," mama alisema, akatandaza leso.

Hapo pia Luciana hakushtuka. Wateja wote wanajua mafundi wanavyopenda kubaki na mabaki ya vitambaa, na wengine hudai hadi uzi. Akavikusanya vipande vyote kwa uaminifu, akampa. Tena alijisifu moyoni kwamba yeye si mwizi.

Ikawa ndiyo desturi. Gauni likipwaya, analipunguza. Mteja anakuja, anafunga vipande kwenye leso, anaondoka. Luciana alipoteza hamu ya kula, mashavu yakamwingia ndani. Darasani mwalimu aliongea na yeye akasikia cherehani tu, trrr, trrr, ingawa mashine zote zilikuwa zimefunikwa. Alijiambia ni uchovu, muhula ukiisha atapumzika, na hapohapo simu ikaita na akamkubalia mtu shela.

"Mwenzangu, umekwisha," Faith alimwambia. "Nenda hospitali."

"Nikimaliza hizi."

Siku iliyomtoa ujinga, mteja aliingia akiwa ameinamisha kichwa ili apite mlangoni, na Luciana akaona kwamba yule mama aliyekuwa kama fito amejaa, mashavu yamenona, mikono imeviringana, na aliponyoosha mkono kupokea vipande mtandio ukateleza begani, na pale begani palikuwa na kovu la chanjo lenye umbo la harage, kovu ambalo Luciana alilijua tangu utoto kwa sababu lilikuwa lake, na alipoupandisha mkono wa blauzi yake taratibu, akajipapasa begani, akakuta ngozi laini kabisa, kana kwamba hajawahi kuchanjwa.

"Kesho nitakuja tena," mama alisema kwa upole. "Bado linapwaya."

Luciana aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alipanda bodaboda hadi Ilongero bila hata kufunga mlango.

Mama yake, Scholastika, alimpokea uani, akamshika mabega, akaanza kulia kwa Kinyaturu. Hakuuliza mengi. Alimshika mkono wakaenda kwa Bi Stumai, anayetibu watu wenye majini.

"Shikamoo bibi," Luciana alinong'ona.

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa." Bi Stumai aliinusa futi iliyokuwa bado shingoni mwa Luciana, akaivua kwa kijiti. "Vipande ulikuwa unampa?"

"Ni vyake, bibi. Kitambaa ni chake."

"Kitambaa chake, sawa. Na mwili uliokuwa humo, wa nani?"

Scholastika akaziba mdomo kwa khanga.

"Yule hataki gauni," Bi Stumai aliendelea kwa sauti ya chini. "Gauni likiisha, na wewe umeisha. Mimi nitakufukizia, lakini aliyemkubalia ni wewe, na wa kumkatalia ni wewe. Mwambie huwezi. Usimweleze sababu, usiombe radhi. Sababu moja tu ukiitoa, ataijibu."

Ungedhani ni kazi nyepesi, neno moja. Kesho yake mchana Luciana alisimama katikati ya chumba chao Mwankoko, ananuka moshi wa dawa, gauni mkononi, na upepo ulipokatika na ile harufu ya kitambaa kilichoungua ikajaa chumbani akasikia viatu visivyo na vumbi vikisimama mlangoni, na sauti ikamwambia binti yangu umechoka, nakuona, basi malizia hili tu, la mwisho, wewe si wa kumwangusha mtu, na kila kitu ndani yake, malezi na adabu na woga, kikamsukuma aseme lete.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini, mwanangu?"

Aliuma ulimi hadi akasikia chumvi ya damu. Alifumba macho, akanyoosha gauni mbele yake, zima, bila kipande. Baada ya muda mrefu lilichukuliwa. Alipofumbua macho, upepo ulikuwa unavuma tena na vumbi linaingia ndani, na alifurahi kuliona.

Akarudi kwao kupumzika. Faith aliambiwa ni malaria, maana Luciana aliona aibu kusimulia.

"Kalale huko," Faith alimwambia akimbebea begi hadi barabarani. "Sare za kwaya nitamalizia. Na mtu yeyote akija na kazi, nitakupokelea."

Ilongero alikunywa uji wa mtama, akalala, akaamka, akalala tena. Mwili ukaanza kurudi. Begani kovu lilijitokeza, hafifu mwanzoni, kisha waziwazi, na mama yake akalitolea shukrani kanisani.

Alirudi Mwankoko mchana mmoja, amebeba asali na kuku. Kwenye kona upepo ulikatika. Alipousukuma mlango alimkuta Faith amesimama mbele ya kioo, amevaa lile gauni, pini mdomoni, anakusanya kiunoni kilichopwaya. Mifupa ya shingo yake ilikuwa imetokeza. Kwenye kiti cha Luciana alikaa mama yule, leso imetandazwa mapajani.

"Faith, vua! Mwambie huwezi!"

"Nitamwambiaje, na nimeshamkubalia? Mbona kimebaki kidogo tu."

Luciana alitupa mzigo, akanyoosha mkono amvue mwenyewe.

"Au utaendelea nalo wewe?" mama aliuliza, akimtabasamia. "Mmoja wenu ananitosha."

Mkono wa Luciana uliganda hewani. Kisha ukarudi nyuma.

"Muache, mama," Faith alisema kwa ile huruma yake, pini katikati ya meno. "Huyu ametoka kuumwa. Nitamaliza mimi."