Mazoezi ya Mkono Si Ngwe

Mwaka wa pili baada ya uhuru, huko Waa, pwani ya Kenya, hapakuwa na mkulima kama Mishi, na mwenyewe alijua. Kila alfajiri alipima ngwe yake, yaani sehemu ya kulima siku hiyo. Hakupumzika mpaka aimalize. Jua likipanda, yeye yuko nyumbani anapika, na majirani wangali wanatafuta majembe.

Siku moja ya masika aliteleza njiani, akavunjika mkono wa kulia karibu na kiwiko. Hospitalini alifungwa plasta. Ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga, lakini kiwiko kilikataa kukunjika na kunyooka.

"Fanya mazoezi nyumbani," aliambiwa. "Kunja, nyoosha. Jumla nusu saa kwa siku."

Wakati huo binti yake, Esha, ndiye aliyeteka maji na kutwanga. Shule aliiacha.

"Atarudi mkono wa mama ukipona," alisema Chirau, mume wa Mishi.

Lakini mwalimu alituma ujumbe. Esha asiporudi muhula ujao, nafasi yake atapewa mwingine. Maneno hayo yalimchoma Mishi. Yeye hakusoma, na alitaka sana mwanawe asome.

Basi Mishi akayavamia mazoezi. Akishasali alfajiri, alikaa mkekani akakunja na kunyoosha bila kupumzika, huku ameuma meno. Akimaliza husema, "Alhamdulillahi, ya leo imekwisha." Kisha huufunga mkono kwa kanga, asiuguse mpaka kesho. Mkono ukavimba. Kila siku ulikuwa mgumu kuliko jana.

Jioni moja jirani yao, Bi Kanze, muuguzi wa zahanati, alipiga hodi.

"Karibu, Bi Kanze."

"Starehe. Mkono waendeleaje?"

"Mkono huu hauna shukrani. Ngwe yangu naimaliza kila alfajiri, nao wazidi kuvimba. Nimechoka, naona bora niache."

"Ngwe? Nani kakwambia mazoezi ni ngwe?"

"Si nusu saa? Naimaliza mapema, nipumzike."

Bi Kanze akaketi. "Sikiza, dada yangu. Shamba ukililima asubuhi, jioni utalikuta limelimwa. Kiungo sivyo. Ukikifunga mchana kutwa, chaganda tena. Ukikilazimisha kwa muda mrefu, chavimba. Ukipewa vidonge vya siku nzima, wavimeza vyote alfajiri?"

"Si nitakufa!"

"Basi na mazoezi yagawe. Dakika chache tu baada ya kila sala. Kunja taratibu, nyoosha taratibu. Ukihisi mkono wavutika kidogo, si neno. Ukiuma sana, acha. Na hiyo kanga ifungue."

Mishi hakupendezwa. "Kuanza kazi na kuiacha, kuanza na kuiacha. Huo si uvivu?"

"Huo si uvivu. Ndiyo dawa yenyewe."

Siku za kwanza Mishi aliona haya. Alijificha chumbani, asije akaonekana anafanya kazi nusunusu. Chirau akirudi msikitini alimtania. "Umekunja?"

"Nimekunja. Wewe umekunja nini?"

Pole pole uvimbe ukashuka. Kiwiko kikaanza kutii. Siku tonge lilipofika kinywani kwa mkono wa kulia, Mishi alilia mbele ya wanawe, kwa maana kula kwa kushoto kulikuwa kumemfedhehesha sana. Bi Kanze alipoutazama mkono, alimruhusu kazi nyepesi, kisha ndoo ndogo.

Muhula ukafika. Asubuhi hiyo Esha alichukua ndoo kama kawaida, akashika njia ya kisimani. Mishi akamfuata.

"Nipe hiyo ndoo."

"Mama, na mkono?"

"Mkono ni wangu. Nitateka kidogo kidogo, nitarudi tena na tena. Baba yako atatwanga."

"Baba atatwanga?"

"Atajifunza. Kaoge, mwanangu. Kengele ya shule haimngoji mtu."

Esha alimtazama mamake, kisha akatimua mbio kuelekea nyumbani. Mishi akaishusha ndoo kisimani, akaivuta kamba kwa mikono yote miwili.