Mwito wa Tatu

Ukumbi ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu wa nyuma akipiga chafya, wa mbele ndiye anayejifuta. Zamani palikuwa ghala la magodoro. Sasa palikuwa na viti vya kukunja, pazia jeusi, na kipande cha sakafu kilichopakwa rangi nyeusi, ambacho wenyewe walikiita jukwaa. Hapo ndipo Dada Mkubwa alipoigiza peke yake tamthilia yenye watu saba, na mjini hapakuwa na habari nyingine.

Mdogo wake alipewa kiti cha mbele, katikati kabisa. Marehemu mama yao alimwita Chiriku kwa sababu mtoto huyo hakujua kunyamaza, na mdomo huohuo ukaja kumpa kazi: alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, yule mwanamke usiyemwona lakini ukimsikia unajua behewa lako liko wapi. Siku hiyo aliomba ruhusa, akavaa gauni la shughuli, akawahi onyesho la mchana. Nani asingejivunia? Kwa miaka mingi watu walimcheka Dada Mkubwa kwamba ana sauti moja tu, na hiyo moja inafaa kunadia mitumba. Chiriku ndiye aliyekuwa akikaa naye jikoni wakisomeana maneno ya michezo, na ndiye aliyemfuta machozi kila alipokataliwa.

Taa zikazimwa, ikabaki moja. Dada alitoka nyuma ya pazia akasimama. Sauti ya mzee wa kiume ikasema, "Karibuni," kisha ndipo midomo ya Dada ikafunguka.

Chiriku alipepesa macho. Yeye ni mtu wa sauti, anajua spika mbovu inavyochelewesha neno. Lakini humu hamkuwa na spika. Tena spika huchelewa, haitangulii.

Alijiambia ni macho tu. Lakini kila sauti mpya ilipotoka, ya mtoto, ya daktari, ya jirani mbea, ilitangulia kidogo, na midomo ya Dada ikaikimbilia nyuma. Watu wa viti vya nyuma walicheka na kushangilia. Wa mbele, ambao walikuwa karibu kiasi cha kuona jasho la mwigizaji, walianza kujikunyata bila kujua kwa nini.

Dada alikuwa amemwambia mchezo unahusu tajiri na mbuzi wake. Hapakuwa na tajiri wala mbuzi. Palikuwa na kitanda, na juu yake bibi mgonjwa anayekufa, na bibi huyo alikuwa mama yao. Binti aliyemuuguza mchezoni alikuwa Dada Mkubwa. Aliyekuwa mbali akihangaikia mambo yake alikuwa mdogo mtu. Uongo mtupu! Chiriku ndiye aliyelala chini kando ya kitanda kile. Moyo ulimuuma kama umefinywa kwenye mlango.

Kisha ikaja harufu ya dawa ya kuchulia, ileile ya chumba cha mama, na ndani yake harufu nyingine ya nywele zilizooza ndani ya maji. Sauti ya mama ikasema taratibu, "Usinizimie taa, mwanangu. Naona aibu kufa gizani."

Maneno hayo aliyasikia Chiriku peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Hakumwambia hata mume wake.

Nyumbani kwao walilelewa na mambo mawili tangu wakitambaa. Mama akiita, itika hapohapo. Na ukiitwa na mtu usiyemwona, nyamaza, ngoja mwito wa tatu, kwa maana jini huita mara mbili tu. Ya tatu hana.

"Chiriku!"

Sauti ilikuwa ya mama, na midomo ya Dada ilikuwa imefungwa. Chiriku aliuma ulimi. Dada alimtazama yeye tu, macho yamejaa machozi, mikono ikining'inia.

"Chiriku!"

Safari hii sauti ilitoka chini ya kiti chake, karibu na vifundo vya miguu, na pumzi ya baridi ikampanda mapajani, na akajibana pale akisema moyoni sijibu, sijibu, huyu si mama, mama amelala, mama nilimfumba macho kwa mkono wangu mwenyewe, na mwanamke wa kiti cha pili akasogeza pochi yake na mtu nyuma akakohoa na dunia yote ikawa inangoja, hata akaanza kuomba kwamba kama ni mama kweli basi aite tena, tafadhali aite tena mara moja tu.

"Chiriku!"

"Abee, mama," akaitika, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Hapo akaiona midomo ya Dada. Ilikuwa wazi, ikitetemeka. Mwito wa tatu ulikuwa umetoka humo.

Kitu kikamteleza kooni kama uzi unaovutwa. Watu walipiga makofi, wakadhani ni sehemu ya mchezo.

Alimkuta Dada nyuma ya pazia akijifuta poda kwa pamba. Chiriku alifungua kinywa kumtukana. Hakikutoka kitu, hata mkwaruzo.

"Usinitazame hivyo," Dada alinong'ona. "Mbili zilikuwa za jini. Ya tatu nilikuitia mimi."

Chiriku alimkamata bega.

"Alinikuta humu nikifanya mazoezi peke yangu, nikilia. Akasema atanipa sauti ninazotaka, ila nimlipe moja iliyo hai. Alitaka yangu. Nikamwambia..." Dada aliitupa pamba ya poda. "Nikamwambia nina mdogo wangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi bila sauti ni nani? Wewe unatangazia treni tu. Treni zitafika hata usipozitangaza."

Stesheni wakamweka dirisha la tikiti, akawa anaonyesha kwa vidole. Aliandika yote kwenye simu, mume wake akasoma, akampeleka kwa mganga, bibi mmoja mfupi mwenye haraka aliyewapokea huku akimenya vitunguu. Bibi alimpapasa koo, akamnusa, akatikisa kichwa.

"Humu hamna jini. Nitoe nini? Huyu kaibiwa."

"Basi tufanyeje, bibi?"

"Aliyeita mwito wa tatu arudi palepale alipoitia, aseme mbele ya watu: mimi ndiye niliyeita, si mama. Akisema, sauti inarudi kwa mwenyewe."

"Na asiposema?"

"Mzoeeni kimya."

Mume alikwenda kumpigia magoti shemeji yake. Alirudi na uso uliochangamka. "Kalia sana," alimwambia mkewe. "Anasema uende onyesho la mwisho, ukae palepale. Atasema. Ameapa kwa kaburi la mama yenu."

Damu nzito kuliko maji. Chiriku alivaa tena gauni la shughuli, akaenda.

Mchezo ulifika mwisho wake, bibi wa kitandani akafa, na Dada akasogea mbele mpaka magoti yake yakakaribia kugusa ya mdogo wake. Alizungumza kwa sauti yake mwenyewe, ileile ya mitumba. "Nina mdogo wangu. Nilimkosea jambo ambalo mtu hamfanyii hata adui." Watu wakatoa leso. Chiriku alisimama bila kujijua, mikono kooni, akaona midomo ya dada yake ikiunda neno. "Mimi ndiye..."

Harufu ileile ya nywele zilizooza ikapita. Dada akanyamaza.

"Usiseme, dada yangu," ikaja sauti nyororo, safi, ambayo abiria wote wa mji ule waliijua. "Nimekusamehe. Chukua yote, nimekupa kwa moyo mweupe."

Sauti ile ilikuwa ya Chiriku.

Dada angeweza kuendelea. Yalibaki maneno matatu tu, na hakuna aliyemziba kinywa. Aliangalia viti, akaangalia leso na nyuso zilizolowa, zote zikimtazama yeye. Kisha akaanza kuchezesha midomo kuifuatisha sauti ile, neno kwa neno, na safari hii midomo haikuchelewa hata kidogo.

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba mmoja alikuwa amesimama kabla yao. Chiriku alitikisa kichwa, hapana, hapana, kinywa wazi, mpaka mwanamke aliyeketi kando yake akamkumbatia.

"Lia tu, mwenzangu," alimnong'oneza. "Hata mimi limenigusa."