Nyapara Asiye na Machimbo

Kila asubuhi Kyarisiima aliamka akisikia sauti ya Bibi yake kutoka kibanjani, katika shamba la migomba na mibuni lililoizunguka nyumba. Bibi Kokuhirwa alikuwa na desturi ya kuzungumza na migomba. Alipita shina kwa shina, mundu mkononi, akiwajulia hali kama mtu anayetembelea wagonjwa. Huyu ameinama, atafutiwe mti wa kumtegemeza. Huyu ana majani makavu, yakatwe yalazwe hapohapo chini. Kyarisiima naye alichota maji, akafagia uwanja, akala kiporo cha ndizi na maharage, kisha akashika njia ya shule ya misheni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walikuwa Bukoba, ambako baba yake alifanya kazi katika ghala la kahawa, na yeye aliachwa kijijini Igurwa ili amsaidie Bibi.

Babu yake, Mzee Byarugaba, alikuwa mtu wa sikukuu. Tangu ujana wake alifanya kazi katika machimbo ya bati huko Kyerwa, na mwishowe akawa nyapara wa zamu. Alikuja nyumbani Krismasi na Pasaka, akaleta sukari na blanketi, na kabla Kyarisiima hajamzoea vizuri alikuwa ameshaondoka.

Mwaka huo, masika yalipokuwa yanakatika, Babu alitokea siku isiyo sikukuu, sanduku lake la mbao kichwani. Madini yalikuwa yamekwisha katika machimbo aliyosimamia. Vijana walihamishiwa mashimo mengine, na wazee wakaambiwa waende nyumbani wakapumzike.

"Nipumzike!" alisema Babu huku akilitua sanduku. "Kwani nimeumwa?" Hapo kikohozi kikamshika, akainama mpaka kikaisha. Mganga wa zahanati alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kifua chake hakifai tena kushuka mashimoni, lakini Babu hakupenda kulizungumzia jambo hilo.

Kulipopambazuka siku ya pili, mlio mkali wa chuma uliitikisa nyumba. Babu alikuwa ametundika jembe chakavu kwenye mti wa uwanjani na analigonga kwa nyundo, kama walivyogonga kipande cha reli kule machimboni. Jirani yao, Mzee Desderius, alikuja mbio na ndoo ya maji, shuka likimponyoka kiunoni.

"Nyumba ya nani inaungua?" aliuliza.

"Hakuna kinachoungua. Zamu imeanza," alijibu Babu.

Desderius aliitazama ndoo yake, akamtazama Babu, akarudi kwake. Kyarisiima alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Babu aliianza kazi kwa bidii isiyo na mchezo. Alitengeneza ua, akaezeka upya banda la mbuzi, akachimba mfereji wa kutoa maji uwanjani ingawa mvua zilikuwa zimekwisha. Jioni Desderius alipokuja na kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, ili wakae wazungumze, Babu alimsikiliza akiwa wima, shoka begani, kisha akaomba radhi akaenda kupasua kuni. Kuni zikajaa mpaka mlangoni. Mwisho hapakubaki kitu cha kutengeneza, na hapo ndipo Babu alipoanza kuwa mnyonge. Aliizunguka nyumba mara nyingi, akashika hiki akakiacha, akajibu watu kwa mkato. Kyarisiima alimhurumia sana.

Wakati huo habari ilifika kwamba shangazi Xaveria, aliyeolewa Rugu, anakaribia kujifungua. Bibi alifunga mzigo wake.

"Kyarisiima," alisema, "Babu yako amezaliwa katika watu wa ng'ombe, na ukubwani amekaa na mawe. Migomba haijui. Akitaka kuzigusa nyasi za kibanjani, mwambie nimekataza. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Nyasi hizo Kyarisiima alizijua vizuri. Yeye na Bibi walizikata mlimani na kuzibeba kichwani, mzigo baada ya mzigo, wakazitandaza chini ya migomba na mibuni ili jua la kiangazi lisiikaushe ardhi.

Jumamosi moja Babu alisimama ukingoni mwa kibanja, mikono kiunoni.

"Uchafu huu unafanya nini hapa?" aliuliza. "Sisi kwetu malishoni, nyasi kavu zinachomwa ili mpya ziote. Na machimboni, uwanja wa namna hii ungenifukuzisha kazi. Au Bibi yako ana shughuli nao?"

Kyarisiima alifungua kinywa. Lakini aliuona uso wa Babu. Ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu kuni zilipojaa, na jembe lilikuwa tayari mkononi. Mtoto atamkatazaje mzee aliyefurahi hivyo?

"Ni takataka tu, Babu," alisema.

Basi wakafanya kazi pamoja. Babu alikwangua, Kyarisiima akazoa, na nyasi zote pamoja na majani makavu zikachomwa nje ya kibanja. Babu alipiga miluzi kutwa nzima. Jioni ardhi ilikuwa tupu na safi, na Babu aliitazama kwa fahari. Kyarisiima alishindwa kula chakula chake.

Bibi alikaa Rugu mpaka mtoto akapewa jina. Siku zote hizo jua liliwaka bila huruma. Ardhi ya kibanja ilianza kupasuka. Majani ya migomba yalikunjika na kulegea, na migomba iliyobeba mikungu ikaanza kuinama. Babu aliihangaikia, akaikatia miti ya kuitegemeza, lakini mmoja ulipowekewa mti, mwingine ulianguka na mkungu wake mchanga.

Bibi aliporudi hakuingia hata ndani. Alisimama kibanjani na mzigo wake ungali kichwani, kisha akaketi chini kwenye udongo mkavu.

"Nyasi zangu ziko wapi?" aliuliza taratibu.

"Nilizichoma, Mama Xaveria," alisema Babu. "Nilidhani ninasaidia."

Bibi hakumgombeza. Aliokota kipande cha udongo, kikasagika mkononi mwake, akainuka akaingia jikoni. Babu angeona nafuu kama angegombezwa.

Asubuhi iliyofuata jembe la mtini halikugongwa. Kyarisiima alimkuta Babu chumbani anapanga nguo zake katika sanduku.

"Shikamoo, Babu. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Ninarudi Kyerwa, nikaombe shimo jingine. Hapa sina ninachokijua. Bibi yako amelilea shamba hili peke yake miaka yote, nami nimekuja kumharibia."

"Na kifua chako?"

Babu aliendelea kukunja shati. Kyarisiima aliogopa. Alijua kwamba Babu akishuka tena mashimoni hatarudi, na alijua pia kwamba kosa lile halikuwa la Babu peke yake. Alipiga magoti.

"Babu, nisamehe. Bibi alinituma nikuambie nyasi zisiguswe. Uliponiuliza nilijua, lakini nikasema ni takataka. Nilikuona umefurahi, nikaogopa kukuudhi. Nimekudanganya."

Babu aliliacha shati. Alimgeukia mjukuu wake, na Kyarisiima akangoja kuchapwa. Lakini aliyesema ni Bibi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote.

"Inuka, mtoto," alisema. "Umenivunjia kibanja kwa neno moja, na sasa umesema kweli wakati ilipokuwa ngumu zaidi. Safari nyingine iseme mapema. Kumwambia mzee kwa heshima kwamba anakosea si utovu wa adabu. Kumwacha aendelee kukosea ndiko kumvunjia heshima." Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe, Nyapara, miaka yote hiyo nilikuwa ninakungoja wewe. Sikungoja kibarua. Leo umekuja, unataka kunikimbia kwa ajili ya nyasi?"

Babu alikaa juu ya sanduku. Macho yake yalilowa, wala hakuyaficha.

"Sijui kukaa, Mama Xaveria," alisema. "Mikono ikilala, ninajiona kama mgeni."

"Hilo nalo mtu hujifunza," alisema Bibi. "Lakini kwanza tukatafute nyasi. Safari hii mimi ndiye nyapara."

Hapo Babu akakumbuka jambo. Ndugu yake mdogo, Muhangi, alichunga ng'ombe upande wa Kihanga, na wakati kama huo wachungaji walikuwa karibu kuchoma milima. Babu aliondoka mara moja, akaenda kumwomba aache mteremko mmoja usichomwe mpaka waukate. Muhangi alikubali, na akawapa na samadi. Kwa siku kadhaa walikata na kubeba, hata Mzee Desderius akaja na watoto wake. Babu alitandaza nyasi kama Bibi alivyomwelekeza, akiacha nafasi kidogo kuzunguka kila shina, na kila alipotaka kuanza jambo jipya aliuliza kwanza. Migomba kadhaa haikupona. Iliyobaki ilisimama, na mvua za vuli ziliponyesha ikatoa majani mapya, mapana na mabichi.

Kukaa ndiko kulikomshinda Babu zaidi. Jioni Bibi alimwekea kigoda na kahawa ya kutafuna karibu na Desderius. Siku za mwanzo aliinuka kila baada ya muda mfupi kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Baadaye akaanza kusimulia habari za machimboni. Baadaye zaidi akajifunza kumwacha Desderius naye amalize hadithi zake. Hata kikohozi kilipungua.

Jioni moja Kyarisiima alimwona Babu anachukua nyundo na kuuendea mti wa uwanjani. Aligonga jembe chakavu, na sauti ikaenea migombani. Bibi akatoka kibanjani anafuta mikono. Desderius akaja kwa mwendo wa taratibu, bila ndoo safari hii, ameshika mfuko wake wa kahawa.

"Zamani niligonga ili watu waanze," Babu alimwambia Kyarisiima. "Sikujua kwamba mtu mwenye bidii anahitaji pia wa kumgongea aache. Fanya kazi, mjukuu wangu, lakini uliza kwanza kama kazi hiyo inahitajiwa. Na ukimaliza, usione aibu kukaa na watu wako."

"Nimesikia, Babu. Nimalizie kufagia uwanja, kisha nije."

Babu alimnyang'anya ufagio akauegemeza ukutani, akamsogezea kigoda.

"Kaa," alisema. "Zamu imekwisha."