Tiki Nyekundu

"Nyangi, hawa Wajaluo walio langoni na fahali unawajua?"

Nyangi alishika simu kwa mikono miwili. Jumamosi asubuhi, yuko Ndhiwa, darasa la ngumbaru analofundisha limetoka kwa mapumziko, na baba yake anampigia kutoka Kegonga kumuuliza habari za fahali.

"Wametumwa na nani, Baba?"

"Nashon. Wanasema ulikubali kwa maandishi. Mila yetu unaijua, mgeni wa posa haingii wala hanywi maji mpaka msichana aseme anamjua. Wazee wako juani. Nakupa nusu saa."

Simu ikakatika. Nyangi akaenda hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena. Nashon, mwanafunzi wake, mkulima wa miwa wa Lambwe anayejiandaa kurudia mtihani wa KCSE! Alimpenda tangu Februari na alikuwa akijikatalia kila siku. Lakini kukubali? Lini?

Alimkuta darasani peke yake, dawati la nyuma.

"Nashon, nilikukubali lini?"

Nashon alifungua daftari lake. Akamsogezea.

Lilikuwa zoezi la Jumanne, sentensi tano za "if", kila mtu aandike juu ya maisha yake. Ya tano ilisema: "If my teacher accepts me, my uncles will come to Kegonga on Saturday." Yaani mwalimu akimkubali, wazee wake watafika kwao mwalimu Jumamosi. Kando yake tiki nyekundu, na chini, kwa mwandiko wa Nyangi mwenyewe, "Good work."

Nyangi aliona aibu mpaka masikioni. Siku hiyo alisahihisha madaftari thelathini huku akipiga soga na kunywa chai. Na ni yeye anayewafokea kila wiki wasome swali kwanza. Nyani haoni kundule.

"Sikusoma," akasema. "Nilipiga tiki tu."

Nashon aliitazama ile tiki.

"Basi wacha niwapigie warudi. Hakuna ubaya."

Alitoa simu, akakosea namba mara mbili.

"Si ungeniambia tu kwa mdomo?"

"Japuonj, mwalimu wangu, wewe ndiye ulitufundisha. If ya kwanza ni ya kitu kinaweza kufanyika. Ya pili ni ya kuota. Ya tatu ni ya kujuta, mambo yashapita. Mimi nimeota tangu Februari. Hiyo ya kujuta nikaiogopa."

Tangu Februari! Nyangi alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Miezi yote hiyo wamekaa chumba kimoja, kila mtu na moto wake.

Akamnyang'anya simu, akaiweka dawatini. Akaketi. Akaisoma sentensi ya tano polepole, kidole chini ya kila neno, kisha akatoa kalamu na kuongeza tiki ya pili kando ya ile ya kwanza.

Halafu akampigia baba yake.

"Nawajua, Baba. Wape maji."